Kasulu ina vyuo vya ualimu, iwe pia chuo cha makocha

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma. Wales, nchi ndogo ubavuni mwa Uingereza, ina watu milioni tatu na ushei. Kwa fedha, hizi ni dunia mbili tofauti, lakini kwa idadi ya watu zinakaribiana kiasi cha kuwapa wapenda soka wa Kasulu na Kibondo haki ya kuuliza imekuwaje nchi yenye watu wachache hivyo ikawa darasa la makocha wa dunia. Thierry Henry, Patrick Vieira na Mikel Arteta, ambao hakuna hata mmoja wao aliye Mwelisi, walikwenda kusomea leseni za ukocha chini ya chama cha soka cha Wales. Winga maarufu zaidi wa nchi hiyo, Ryan Giggs, alitoka uwanjani akaingia kwenye benchi la ufundi bila kukaa pembeni hata msimu mmoja. Naamini jambo hilo lina somo kwa nyanda za juu za Kigoma. Tunapolalamika kwamba vipaji vya huko vinapotea, huwa tunatafuta wakala, mfadhili au timu ya Dar es Salaam ya kuja kuviokota. Kinachokosekana kiko karibu zaidi, nacho ni mtu mzima aliyefundishwa namna ya kumfundisha mtoto mpira. Pengo hilo linaweza kuanza kuzibwa Kasulu kwenyewe.

Nimemchagua winga kuwa mfano kwa sababu nafasi yake ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watazamaji huona mbio na chenga, wakahitimisha kwamba winga huzaliwa, hatengenezwi. Lakini mbio ni mwanzo tu. Winga hufanya kazi kwenye eneo finyu: ubavuni ana chaki, mbele ana beki, na nyuma wenzake wanamsubiri arudi kukaba. Anapaswa kujua asimame wapi kabla mpira haujamfikia, na mguso wake wa kwanza uupeleke upande gani. Anapaswa kujua lini apige krosi ya mapema mabeki wakiwa bado wanarudi, lini akate ndani kwa mguu wake wenye nguvu, na lini ashuke hadi karibu na mstari wa goli ili aurudishe mpira nyuma kwa mwenzake anayekuja. Anapaswa pia kujua kupunguza mwendo, maana beki humuogopa zaidi mtu anayebadili kasi kuliko anayekimbia kwa kasi ileile muda wote. Haya yote hufundishika, na wakati wake ni utotoni. Mtoto wa Kibondo asiyefundishwa ataendelea kuwapita mabeki wa kata yake kwa mbio, hadi siku atakapokutana na beki mwenye mbio kama zake. Siku hiyo watu watasema kipaji kimeisha, kumbe ni elimu ambayo haikuwahi kuanza.

Kuna sababu ya pili. Winga ndiye mchezaji ambaye mwili humsaliti mapema. Kiungo anaweza kuishi kwa akili na pasi hata miguu ikichoka. Winga aliyezoea kutegemea kasi hana pa kujificha. Giggs aliliona hilo akajirekebisha, akahamia katikati ya uwanja, na ndiyo maana aliweza kufikisha mechi 963 akiwa na Manchester United na kutwaa mataji 13 ya ligi. Alianza kusomea ukocha angali anacheza, na Julai 2013 akawa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Aprili 2014 alikabidhiwa timu kwa mechi nne za mwisho wa msimu, kisha akawa msaidizi wa Louis van Gaal kwa miaka miwili. Mwaka 2018 alipewa timu ya taifa ya Wales, ambayo alikuwa ameichezea mara 64 bila kufika fainali zozote kubwa. Akampa nafasi winga kijana, Daniel James, na Novemba 2019 Wales ikaifunga Hungary 2-0 na kufuzu fainali za Ulaya. Kesi ya jinai ilimtoa benchi kabla fainali hizo hazijachezwa mwaka 2021. Alijiuzulu Juni 2022, na mwaka 2023 mashtaka yakaondolewa, akatangazwa hana hatia. Ninachotaka msomaji akishike hapa ni mpangilio wa hatua zake: leseni ilianza kabla miguu haijaisha.

Hatuna haja ya kwenda Cardiff kumtafuta winga aliyegeuka kocha. Emmanuel Amunike alikaa kwenye benchi la Taifa Stars. Huyu alikuwa winga wa kushoto wa Nigeria, mzaliwa wa Desemba 1970, ambaye alipitia Zamalek ya Misri kabla ya kwenda Sporting ya Lisbon. Mwaka 1994 ulikuwa wake. Aprili, mjini Tunis, alifunga mabao yote mawili Nigeria ilipoifunga Zambia 2-1 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika Kombe la Dunia nchini Marekani alizifunga Bulgaria na Italia, na mwaka ukaisha akiwa Mchezaji Bora wa Afrika. Miaka miwili baadaye, katika fainali ya Olimpiki ya Atlanta, ndiye aliyefunga bao la tatu lililoizamisha Argentina 3-2. Desemba 1996 Barcelona ikamsajili. Kisha goti likaharibika. Alikosa Kombe la Dunia la 1998, na miaka yake ya Barcelona aliitumia zaidi kwa matibabu kuliko kwa mechi. Alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, umri ambao wachezaji wengine ndio kwanza wanakomaa.

Goti lile lingeweza kuwa mwisho wa habari yake, kama lilivyokuwa mwisho wa wengi. Amunike akaingia kwenye ukocha, na kazi yake iliyong'aa zaidi aliifanya na watoto. Mwaka 2015 nchini Chile aliiongoza Nigeria kutwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kwa kuifunga Mali 2-0 katika fainali. Katika kikosi hicho Victor Osimhen alifunga mabao 10, na pembeni alikuwepo kijana wa mguu wa kushoto aitwaye Samuel Chukwueze, ambaye baadaye alikwenda Villarreal na AC Milan. Sisemi kwamba Amunike peke yake ndiye aliyemtengeneza Chukwueze. Mchezaji hupita mikononi mwa watu wengi. Nasema kwamba kijana yule, katika umri unaoamua mambo, alikuwa na kocha aliyeijua nafasi yake kwa miguu yake mwenyewe. Angeweza kumweleza, kwa kuonyesha, beki hugeuza nyonga lini na mpira upitishwe upande gani. Ujuzi wa namna hiyo mtu akistaafu bila kuufundisha, hufa naye.

Agosti 2018 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, likamkabidhi Taifa Stars. Kabla hata ya mechi yake ya kwanza aliwaondoa kwenye kikosi baadhi ya wachezaji wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini, hatua iliyozua mjadala mkubwa. Matokeo yalipanda na kushuka: sare tasa Kampala, kipigo cha 3-0 Cape Verde, ushindi wa 2-0 nyumbani dhidi ya Cape Verde haohao, kisha kufungwa 1-0 na Lesotho, mechi iliyowakatisha wengi tamaa. Machi 24, 2019 jijini Dar es Salaam, Tanzania iliifunga Uganda 3-0 kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, huku Lesotho ikishindwa kupata ushindi Cape Verde. Taifa Stars ikarudi fainali za Afrika baada ya miaka 39. Aliyefungua mlango siku ile, Msuva, ni winga naye.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ni zito. Msomaji atakumbusha kwamba katika fainali hizo, nchini Misri, tulifungwa mechi zote tatu: 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya baada ya kuongoza mara mbili, na 3-0 na Algeria, na kwamba Julai 2019 Amunike aliondoka. Atasema pia kwamba nyota wengi wa zamani wameshindwa vibaya kama makocha, kwa kuwa mtu aliyefanya jambo kwa urahisi hukosa subira na wasioliweza. Nakubali yote mawili. Kucheza vizuri si cheti cha kufundisha. Lakini tazama pingamizi hilo linaelekea wapi. Linasema mchezaji wa zamani hafai bila kufundishwa kufundisha, na hiyo ndiyo hoja yangu. Rekodi ya Amunike mwenyewe inaonyesha kitu kingine: alitetereka alipopewa watu wazima waliokwisha kuwa walivyo, akafanikiwa sana alipopewa vijana wa miaka 16. Kama ujuzi wa winga wa zamani una faida kubwa zaidi kwa watoto, basi ni kosa kuusubiri kwenye timu ya taifa. Mahali pake ni uwanja wa shule ya msingi.

Sasa turudi Kigoma, kwa njia ya kijana ambaye wengi wa mkoa huu hawajui kwamba alizaliwa kwao. Nestory Irankunda alizaliwa Februari 2006 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, kwa wazazi kutoka Burundi. Wilaya za Kasulu na Kibondo zimebeba kambi hizo kwa miaka mingi. Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya mwaka 2015. Familia yake ilihamishiwa Australia akiwa bado mtoto mchanga, ikaishia Adelaide. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari anacheza ligi kuu ya nchi hiyo akiwa na Adelaide United, timu iliyofundishwa na Carl Veart, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa. Mwaka 2024 alikwenda Bayern Munich, mwezi Juni mwaka huohuo akaifungia Australia bao lake la kwanza, na mwaka 2025 akatua Watford, Uingereza. Anacheza winga, ana mbio zinazotisha na shuti kali.

Kuna watakaosema mfano huu unanipinga: kijana alifanikiwa kwa sababu aliondoka. Ni kweli aliondoka, na sitaki kuifanya safari ya mkimbizi ionekane nyepesi. Lakini tuulize alichokikuta alikofika. Alikuta klabu za watoto zenye makundi ya umri, makocha wenye leseni, mechi kila wiki na mtu wa kumwambia amekosea wapi. Miguu ilikuwa ileile iliyozaliwa Kigoma. Watoto wa umri wake waliobaki katika vijiji vya Heru Juu, Kabanga au kando ya barabara ya Kibondo hawakukosa nguvu za mwili wala upendo wa mchezo. Kila jioni viwanja vya shule hujaa. Walichokosa ni huyo mtu wa kuwaambia wamekosea wapi.

Mashujaa, klabu ya Kigoma mjini, wamefanya kazi kubwa na wanastahili heshima. Desemba 2018, wakiwa bado hawajafika Ligi Kuu, waliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa kuifunga 3-2 Dar es Salaam. Walipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024 wakaitoa Simba tena kwa penalti, safari hii kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Mkoa wote ulifurahi. Hata hivyo, klabu ya Ligi Kuu husajili wachezaji waliokwisha kuiva, kutoka popote. Isitegemewe kuwa ndiyo itakayomfundisha mtoto wa darasa la tano aliye Kibondo, zaidi ya kilomita 200 kutoka uwanja wake. Tumezoea kuisema soka ya Kigoma kana kwamba ni mji ule wa ziwani pekee, Ujiji na Mwanga na Gungu, wakati sehemu kubwa ya watu wa mkoa iko juu, kwenye wilaya za mahindi na maharage.

Na huko juu kuna kitu ambacho Kigoma mjini inaweza kukionea wivu. Kasulu ni mji wa walimu. Una Chuo cha Ualimu Kasulu, na si mbali kuna Chuo cha Ualimu Kabanga. Vijana kutoka mikoa mbalimbali huja pale kujifunza namna ya kusimama mbele ya watoto, kupanga somo, kupima kama limeeleweka na kulirudia kwa njia nyingine lisipoeleweka. Hiyo ndiyo nusu ya kazi ya kocha wa watoto. Nusu ya pili, yaani ufundi wa mpira wenyewe, ndiyo inayofundishwa katika kozi za leseni za Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, ambazo huanzia ngazi ya D kwa makocha wa chini kabisa, zikapanda C, B na A. Ngazi ya D haihitaji uwanja wa nyasi bandia wala hosteli ya kifahari. Inahitaji wakufunzi, mipira, koni, ubao na uwanja uliosawazishwa. Vyuo vina mabweni, vina madarasa, vina viwanja, na wakati wa likizo nafasi ipo. Naona ni upotevu mkubwa mwalimu ahitimu Kasulu, apangiwe shule ya Kakonko au Buhigwe, akabidhiwe timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwa sababu tu ni kijana na ana raba, na asiwe amewahi kuambiwa kwamba mtoto wa miaka 11 hapaswi kukimbizwa milimani kama askari.

Waliocheza zamani nao wapo. JKT Kanembwa, ya upande ambao sasa ni Kakonko, iliwahi kucheza ligi daraja la kwanza, na timu za mchangani za wilaya hizi zimekuwa na wachezaji hodari vizazi kwa vizazi. Wengi wao leo wana maduka, mashamba au bodaboda, na jioni huwasimamia watoto kwa mapenzi tu. Ukimweka winga wa zamani wa aina hiyo darasani pamoja na mwalimu wa shule ya msingi, kila mmoja ana alichonacho cha kumpa mwenzake: mmoja anajua mpira unavyopita kwenye mguu wa beki, mwingine anajua mtoto anavyoelewa. Kipa ana bahati kuliko winga katika jambo hili. Juma Kaseja, aliyetoka mkoa huuhuu, alipomaliza kudaka alikuta kazi inayomsubiri, kwa kuwa kila timu kubwa ina kocha wa makipa. Winga anayestaafu haikuti nafasi iliyoandikwa jina lake. Asiposoma, anapotea.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni la vipaumbele. Kigoma ni mkoa ulioachwa nyuma kwa miongo mingi. Lami ya kuunganisha Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu na Manyovu ni kazi ya miaka ya karibuni. Kuna zahanati zinazohitaji dawa na madarasa yanayohitaji madawati, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani ana haki ya kuuliza kwa nini tunazungumzia winga. Jibu langu ni kwamba simwombi yeyote ahamishe fedha ya dawa. Walimu wanalipwa tayari. Michezo ya shule ipo tayari. Kila mwaka halmashauri nane za mkoa hukusanya wanafunzi, huwasafirisha na kuwalisha kwa ajili ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ile ya sekondari. Gharama hiyo inatumika, ila inatumika kwa watoto ambao hawakuwa na mwalimu wa mpira mwaka mzima. Kuongeza kozi ya leseni juu yake ni sehemu ndogo ya kile kinachotumika, na ndiyo inayoweza kukipa maana.

Yupo pia anayeamini kwamba makocha wa kweli hutoka nje, na kwamba kumsomesha mwalimu wa Kasulu ni kupoteza muda. Amunike mwenyewe, atasema, ni Mnigeria. Lakini mwaka 2022 wasichana wa Tanzania chini ya miaka 17 waliifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India wakiwa na kocha wa nyumbani, Bakari Shime. Januari 2024, kocha wa Taifa Stars Adel Amrouche alipofungiwa na CAF katikati ya fainali za Afrika, timu ilibaki mikononi mwa Hemed Suleiman Morocco na Juma Mgunda, ikatoka sare na Zambia na DR Kongo. Novemba mwaka huohuo Hemed Morocco aliipeleka Taifa Stars fainali za 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, bao la Msuva. Wote hawa ni makocha wa hapahapa nchini.

TFF na chama cha soka cha mkoa wanaweza kuanza na kozi moja ya ngazi ya D mjini Kasulu wakati wa likizo, nusu ya nafasi wapewe walimu wa shule za msingi na nusu wachezaji wastaafu, na wanawake wawemo kwa idadi inayoonekana, maana wasichana wa Kibondo nao wanacheza. Masharti yawe mepesi kwa mtu wa wilayani: ada isimkwamishe, na Kiswahili kiwe lugha ya darasa. Kila mhitimu apangiwe shule moja na kundi moja la umri, alifuatilie kwa misimu mitatu bila kuhamishwa. Mwaka wa tatu, timu ya mkoa ya UMITASHUMTA ikichaguliwa, waandaaji waandike kila mtoto ametoka shule gani na nani alimfundisha. Orodha hiyo ibandikwe ofisi za elimu za Kasulu na Kibondo, wazazi waisome.